Sauti yangu inabaki nyuma ya gitaa, na wimbo mzima unasikika mbali. Nianzie wapi?

Sindano:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada, na mnisamehe kwa urefu.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona, usiku nyumba ikitulia nachukua gitaa. Sina bendi wala prodyuza, na umaarufu siutafuti. Nina nyimbo nilizotunga mwenyewe, nataka zitoke zikiwa za kusikilizika na mtu asiyenijua. Ndugu zangu nikiwatumia wananijibu kidole gumba kabla hata wimbo haujafika kwenye kiitikio, kwa hiyo sifa zao nimeacha kuzihesabu.

Vifaa nilivyo navyo: gitaa la mbao lisilo la umeme, kompyuta ndogo ya zamani, maiki ya kondensa ya kuchomeka kwa USB, na programu ya Audacity. Hedifoni ni za bluetooth, zile ninazotumia kila siku.

Shida ya kwanza inanitia wazimu. Narekodi gitaa peke yake, halafu naisikiliza kwenye hedifoni huku nikirekodi sauti juu yake. Wakati naimba, nasikia niko ndani ya mdundo kabisa. Nikirudia kusikiliza, nimebaki nyuma kama abiria anayekimbilia basi lililokwisha ondoka. Nikiongeza sauti ya pili, ile ya kuitikia, ndiyo inachelewa zaidi! Nimejilaumu sana kwamba sina mdundo, lakini nikipiga na kuimba kwa pamoja shida hiyo haipo.

Ya pili: wimbo unasikika mbali. Narekodia koridoni, sakafu ya vigae, milango yote imefungwa, kwa sababu ndipo penye utulivu. Maiki iko juu ya stuli, mimi nimekaa kwenye kiti mbele yake, hatua moja hivi.

Ya tatu: nikiucheza wimbo wangu mara tu baada ya wimbo wa msanii anayejulikana, wangu uko chini mno. Nikiuvuta juu, unapasuka.

Sasa, nijichange ninunue maiki nyingine? Ninunue yale masponji ya kubandika ukutani? Au niachane na haya mambo nitafute studio? Na wimbo ukiisha, mtu anauweka wapi?

---

Bwana Besi:

Dada, maiki za USB ni za mikutano ya mtandaoni. Tafuta maiki inayotumia waya wa XLR, ule mnene wa pini tatu wa studio, na saundi kadi ya nje, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, yenye umeme wa volti 48 kama utachukua kondensa. Masponji pia ni muhimu. Bila hivyo utazunguka hapo hapo mpaka uchoke.

---

Nyuzi Sita:

Bwana Besi, ushauri wako si mbaya, ila umemwandikia mgonjwa dawa hata hujampima. Akinunua hivyo vyote na akabaki na hedifoni zile zile, sauti itachelewa vile vile.

Dada Sindano, mdundo unao. Umeeleza mwenyewe kwamba ukipiga na kuimba kwa pamoja uko sawa, na hapo ndipo nilipojua tatizo ni hedifoni. Sauti inayokwenda kwenye hedifoni za bluetooth haifiki papo hapo. Inabanwa, inarushwa vipande vipande, inafunguliwa upande wa pili ndipo uisikie. Safari hiyo inakula milisekunde 100, 200, nyingine hata zaidi. Ukitazama video huoni kitu, kwa kuwa programu inaichelewesha picha isubiri sauti. Ukirekodi hakuna wa kukusubiri.

Piga hesabu. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 667, na robo ya pigo ni 167. Maana yake hedifoni zako zinaweza kukusukuma nyuma robo pigo nzima, nawe unaimba kwa uaminifu kabisa ukifuata gitaa ambalo kompyuta ilishalipitisha. Na ile sauti ya kuitikia inachelewa zaidi kwa sababu unaifuata sauti yako ya kwanza, ambayo tayari imechelewa. Deni juu ya deni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni hedifoni za waya. Zile za kawaida zinatosha, ila ziwe zinazofunika sikio lote, la sivyo gitaa litavuja na kuingia kwenye maiki yako pamoja na sauti. Halafu igeuze maiki uiangalie chini au nyuma: nyingi za USB zina tundu dogo la hedifoni. Ukichomeka hapo unajisikia moja kwa moja kutoka kwenye maiki, bila kupitia kompyuta.

Hata kwa waya, kompyuta ya zamani itakuwa na ucheleweshaji wake, ila huo unarekebishika. Kwenye mipangilio ya Audacity kuna sehemu ya kufidia ucheleweshaji. Kwa kawaida inakuja ikiwa imewekwa milisekunde −130, na hiyo ni namba ya kukisia tu. Kompyuta yako haijapimwa na mtu. Ipime. Tengeneza treki ya metronomu, yaani tiki za kuhesabu mapigo, ndani ya programu yenyewe. Chukua sikio moja la hedifoni ulibandike kwenye uso wa maiki, cheza ile treki huku ukirekodi treki ya pili. Kisha kuza mawimbi mpaka uone tiki moja moja na upime pengo kati ya tiki ya juu na mwenzake wa chini. Tuseme ya chini imechelewa milisekunde 40: ile −130 unaifanya −170. Rudia mpaka tiki zikae juu ya mwenzake. Ukimaliza hapo hutaigusa tena, labda ubadilishe kifaa.

Sasa koridoni. Nimecheka, usinichukie. Wewe ni fundi cherehani, una chumba kilichojaa majora ya vitambaa na nguo zinazoning'inia, halafu unatoka humo na kwenda kuimba kwenye vigae! Nenda koridoni upige kofi moja. Utasikia mlio kama wa chemchemi ya chuma, trrrr. Ni sauti inapigwa danadana kati ya kuta mbili zinazotazamana. Piga kofi lile lile kwenye chumba cha kushonea, karibu na majora. Hiyo tofauti ndiyo ulitaka kwenda kuinunua kwenye masponji. Vitambaa vizito vilivyokunjwa vinameza sauti za kati na za juu vizuri sana. Besi haviiwezi, lakini masponji membamba nayo hayaiwezi, na wewe huna ngoma wala gitaa la besi la kukusumbua. Geuza mgongo wako uelekee kwenye nguo zilizoning'inia, kwa sababu maiki inatazama upande ulipo wewe na kile kilicho nyuma yako. Watu wengi hufunika ukuta ulio nyuma ya maiki na kuuacha wa nyuma yao mtupu.

Zima feni. Kama una taa ya tyubu inayonguruma, zima nayo.

Halafu umbali. Hatua moja ni mbali mno. Kila ukiukata umbali kwa nusu, sauti yako inayofika kwenye maiki inapanda desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki ulipokuwa. Kutoka sentimita 80 hadi 20 umekata nusu mara mbili: umepata desibeli 12 bila kununua chochote. Hapo ndipo "mbali" inapoondoka. Usisogee mpaka mdomo uguse, maana maiki ya aina hiyo huongeza besi kadiri unavyoikaribia, na herufi P na B zitaipiga kwa pumzi. Dawa ya pumzi unayo tayari: ile fremu ya duara ya kutarizia, ivishe soksi ya nailoni ikazwe kama ngoma, isimamishe kati ya mdomo na maiki. Vile vinavyouzwa madukani ni hicho hicho chenye shingo ya chuma.

Gitaa lirekodi peke yake. Usiielekeze maiki kwenye tundu, litabwata. Ielekeze pale shingo inapoungana na mwili, karibu na kizuizi cha 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30, kisha sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza. Kusogeza maiki sentimita tano kunabadilisha sauti kuliko chombo chochote cha ndani ya programu.

Habari ya sauti ndogo nitarudi jioni, sasa naitwa.

---

Mzee wa Kaseti:

Nakubaliana na Nyuzi Sita, na niongeze kidogo kwa vijana wanaodhani kurekodi nyumbani kumeanza na kompyuta. Tascam walitoa Portastudio 144 mwaka 1979: mashine ya kaseti za kawaida, treki nne, basi. Ukijaza nne unaziunganisha kuwa moja ili upate nafasi, na ukishaunganisha hakuna kurudi nyuma. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani, alirekodia mashine hiyo nyumbani kwake, kwa maiki mbili za Shure SM57, nyimbo za majaribio za kwenda kumwonyesha bendi. Bendi ikajaribu kuzipiga studio, hazikukaa. Mwishowe ile kaseti ndiyo ikatolewa kuwa albamu yake ya 1982.

Sisemi kelele za kaseti ni nzuri. Zilikuwa kero. Nasema treki nne zilikulazimisha kuamua mapema wimbo unahitaji nini. Siku hizi naletewa nyimbo za watoto zina treki arobaini na sauti ya mwimbaji haionekani ilipo.

---

Sindano:

Jamani! Nimeazima hedifoni za waya, na sauti imekaa. Nimerudia kusikiliza huku nikicheka peke yangu kama mwehu. Maiki yangu kumbe ina lile tundu kwa chini, nilidhani ni la kuchajia. Fremu ya kutarizia nimeifunga kwenye mkono wa taa ya mezani, inakaa vizuri.

Bado nasubiri habari ya sauti ndogo. Na nina mawili mengine. Wimbo mmoja, ubeti wa pili tuliandika na rafiki yangu, melodi ni yangu. Na mwingine nimeuimba juu ya biti niliyoishusha mtandaoni, imeandikwa ni ya bure. Hizo naruhusiwa kuzitoa?

---

Nyuzi Sita:

Nimerudi.

Sauti ndogo usiitafute wakati wa kurekodi. Hapo acha vilele, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, vifike kati ya desibeli −12 na −6, huku nafasi ya juu ikibaki wazi. Ikishapasuka kwenye maiki hairudi. Ukubwa unapatikana baadaye. Wimbo wako unapasuka ukiuvuta kwa sababu kuna vilele vichache virefu, pengine pale unapopiga gitaa kwa nguvu au unapofungua mdomo kwenye kiitikio, vinavyogonga dari kabla sehemu nyingine hazijapanda. Kwanza kata mngurumo wa chini kwenye sauti, chini ya hezi 80 hivi, kwa sauti ya mwanamke hata 100. Humo hamna kitu cha kuimba, kuna feni, magari na miguu ya stuli. Halafu tumia kompresa kwa upole ili vilele vishuke, na mwisho kabisa limita, kile chombo kisichoruhusu sauti kuvuka kiwango, ukiiweka desibeli −1.

Na usishindane na wakubwa kwa kelele. Spotify inasawazisha nyimbo kuelekea LUFS −14, kipimo cha ukubwa kama sikio linavyousikia, hivyo aliyekandamiza wimbo wake mpaka −7 anashushwa. YouTube nayo inashusha zilizozidi, ila zilizo chini haizipandishi. Kwa gitaa na sauti, ukiwa karibu na −14 na wimbo bado unapumua, umefika.

Kabla hujasema umemaliza, usikilize kwa sauti ya chini sana, kwenye spika ya simu, ukiwa chumba cha pili unaosha vyombo. Maneno yakisikika kutoka huko, sauti yako imekaa mahali pake.

---

Kibwagizo:

Niingie kwenye hayo mawili, maana biti ya bure ilishanitokea puani.

Tuanze na rafiki. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili ndani yake: utunzi, yaani maneno na melodi, na rekodi yenyewe. Rekodi ni yako, umeifanya wewe. Utunzi ni wenu wawili. Haki hiyo mnayo tangu mlipoandika. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi hausubiri usajili. Kinachowakosanisha watu ni mgawanyo. Andikianeni ujumbe leo, mkiwa bado mnacheka: wimbo fulani, ubeti wa pili wa fulani, tunagawana hivi kwa hivi. Mwenzako ajibu "nakubali". Mkiusajili kwenye chama cha hakimiliki baadaye mtaandika mgao huo huo. Nimeona marafiki wakiachana kwa wimbo ambao haukuwa umeingiza hata senti.

Biti ya bure: soma maandishi madogo yaliyo chini yake. Mara nyingi "bure" ina maana bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na utaje jina la mtengenezaji. Ukiiweka mahali panapolipa, umeshatoka nje ya ruhusa. Mimi nilikuwa na ruhusa kamili, niliilipia kabisa, na bado nikapata kidai kwenye YouTube: mtu mwingine alinunua biti ile ile, akaimba juu yake, akausajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo zilizosajiliwa, na mfumo ukasikia ala zinafanana ukadhani mimi ndiye mwizi. Nilipinga kwa kutuma stakabadhi na maandishi ya leseni, kidai kikaondolewa. Bila ile stakabadhi ningekuwa bado nabishana na mashine. Kwa hiyo hifadhi ukurasa wa leseni kama ulivyokuwa siku uliposhusha biti, pamoja na tarehe, kwa kuwa wenyewe huwa wanaubadilisha.

Kama wimbo ni wa gitaa tu, mimi ningekushauri uutoe huo kwanza. Hauna mwenye kuudai.

Mahali pa kuweka? Inategemea unataka nini. Ukitaka maoni, SoundCloud msikilizaji anaweza kuandika maoni kwenye sekunde yenyewe ya wimbo. Utaona pale dakika ya pili ambapo watatu wameandika kitu na pale ambapo kimya kinatawala. Ukitaka mtu alipe na ashushe faili, Bandcamp. Spotify na wenzake hupeleki mwenyewe, unapitia msambazaji, na tangu 2024 wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi huko. Kwa anayeanza, nenda huko kama unataka watu wakupate wakikutafuta. Hesabu za pesa ziweke pembeni.

Na ukiomba maoni, usiandike "mnaonaje?" Utaambiwa "kali sana" na watu ambao hawajabonyeza. Uliza kitu kimoja: maneno ya ubeti wa pili yanasikika? Utangulizi ni mrefu? Halafu sikiliza za wenzako nawe ujibu hivyo hivyo. Wasikilizaji wangu wa kudumu karibu wote ni watu niliowahi kuwasikiliza mimi kwanza, nikawaambia kitu cha kweli kuhusu nyimbo zao.

---

Bwana Besi:

Ya hedifoni nimekubali yaishe, Nyuzi Sita. Ila nisimamie moja: kondensa inasikia kila kitu. Mbwa wa jirani, friji, mlango wa tatu. Dada akiona chumba cha kushonea hakinyamazi hata usiku, maiki ya dainamiki itamfaa zaidi kwa sauti, kwa kuwa haivutiwi sana na mambo ya mbali. Hiyo haihitaji umeme wa volti 48, ila inataka mtu aimbe karibu nayo, na pia inataka saundi kadi yenye nguvu ya kuikuza.

---

Nyuzi Sita:

Hapo sina neno, mkuu. Lakini arekodi kwanza hivyo alivyo, mbwa akiingia kwenye wimbo ndipo tuongee.

---

Sindano:

Mbwa hayupo, yupo jogoo asiyejua saa. Nimemzoea.

Nimempelekea rafiki yangu ujumbe wa mgao, amejibu "nusu kwa nusu, na nguo ya bure". Nimekataa nguo. Wimbo wa gitaa peke yake uko tayari, nimeusikiliza nikiwa naosha vyombo na maneno yote nayasikia, ingawa mimi ndiye niliyeyaandika, sijui kama kipimo hicho kinanifaa. Nipakie MP3 au?

---

Nyuzi Sita:

Mpe mtu asiyeyajua maneno aoshe vyombo.

MP3 hapana. Huduma zote hizo zinabana faili upya zikishalipokea, na kitu kilichobanwa mara mbili kinachakaa, utakisikia kwanza kwenye herufi S na kwenye milio ya nyuzi. Pakia WAV au FLAC, aina za faili zisizopoteza kitu. Na zile treki moja moja, gitaa peke yake, sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zitoe kila moja kama WAV ikianzia sekunde ya sifuri, uzihifadhi mahali pawili tofauti. Programu zinabadilika na kompyuta yako ya zamani haitakuaga, ila WAV inafunguka popote, na siku ukitaka kuuchanganya upya utakuwa na vipande vyake.

Na ubadilishe jina la faili kabla ya kupakia. Zipo huduma zinazolichukua kuwa jina la wimbo, na najua lako sasa hivi ni "mwisho mwisho kabisa 2".